Akaunti Yangu ya Tanga

Machungwa ya Muheza hushushwa soko la Kongowea alfajiri, watu wakiwa bado wanatoka msikitini. Mgeni wa Mombasa hudhani yameoteshwa hapa hapa Pwani, Kilifi au Kwale. Yanatoka ng'ambo ya mpaka, Tanzania, kwenye mashamba yaliyo chini ya milima ya Usambara, yakapita Tanga mjini, yakavuka Horohoro na kupanda nasi hadi Likoni. Biashara hii nimeirithi kwa mama yangu. Yeye alikuwa akienda Muheza mwenyewe, noti zimefungwa kwenye pindo la leso, akilipa shambani mti kwa mti. Nami nilipochukua nafasi yake nilifuata njia ile ile kwa miaka.

Julai 2025 njia hiyo ilifungwa. Serikali ya Tanzania ilitoa agizo la kuwakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na mojawapo ni kununua mazao shambani. Anayekamatwa anakabiliwa na faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo. Kenya watu walilalamika, waziri wetu wa biashara akalalamika pia, na mimi bado naamini agizo lile haliendani na tulichoahidiana katika Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, ambalo itifaki yake ilianza kutumika Julai 2010. Lakini mchuuzi hasubiri mawaziri wapatane. Machungwa yakiiva yameiva. Nililisoma agizo na kuuliza wanaojua, nikaelewa kwamba njia iliyobaki kwangu ni kununua kwa mwenyeji mwenye leseni, machungwa yakiwa yamekwisha kutoka shambani.

Mwenyeji huyo ninaye, tena tangu enzi za mama. Ni mwanamke wa Muheza ambaye kwetu tunamwita shangazi ingawa si damu. Shida ilikuwa malipo. Machi mwaka huo huo Tanzania ilikataza bidhaa na huduma za ndani kulipwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo zile noti za Kenya tulizozoea kuhesabiana barazani hazikubaliki tena. Alitaka shilingi za Tanzania, tena ziingie benki, ili leseni yake na hesabu zake za kodi zisimame wima. Mimi kwa upande wangu nilitaka pesa ziwe kwa jina langu mpaka nione lori limepakiwa. Kutuma kwa simu kupo; M-Pesa ya Kenya na ya Tanzania zimeunganishwa tangu 2015. Kwa ada ya mtoto wa shule au dawa ya mzazi, huduma ile ni neema. Kwa thamani ya lori zima, makato ya kutuma na kiwango cha kubadilishia vinakula faida yote kabla chungwa moja halijauzwa.

Ndipo nikaamua kufungua akaunti Tanga. Kwa upande wa Kenya hakuna sheria inayonizuia kuweka pesa nje, kwani udhibiti wa fedha za kigeni ulifutwa mwaka 1995. Nilikusanya pasipoti, kitambulisho, cheti cha PIN ya kodi, leseni ya biashara ya kaunti, bili ya stima yenye jina langu na taarifa ya akaunti yangu ya Mombasa ikiwa imepigwa muhuri na benki kila ukurasa. Nikaitia yote kwenye bahasha ya plastiki, nikavuka kwa feri ya saa kumi na mbili asubuhi.

Njia ya kusini haichoshi. Ukunda ina hekaheka za watalii na bodaboda, halafu minazi inakaa pande zote mbili, kisha Msambweni, kisha Ramisi ambako kiwanda cha sukari kilikufa mwaka 1988 na wazee bado wanakitaja kama marehemu wa nyumba. Lunga Lunga, mpakani, unafika ukiwa hujamaliza mazungumzo na jirani yako wa kiti. Abiria wengi wa matatu niliyopanda walikuwa Wadigo wanaokwenda kuzika, kuoa au kuona wagonjwa upande wa pili. Kwao mpaka ni mahali pa kugongewa muhuri tu. Ukoo ni ule ule.

Horohoro, ng'ambo ya pili ya mpaka, nchi zote mbili zinakuhudumia chini ya paa moja. Afisa wa Tanzania aliniuliza ninakwenda kufanya nini. Nilimwambia ukweli: ninakwenda kwa jamaa zangu, na ninataka kufungua akaunti ya benki. Alinitazama, akaitazama pasipoti, akasema, "Karibu sana dada. Ila jiandae, benki zetu siku hizi zina maswali." Akagonga muhuri.

Nje walikuwepo wabadilishaji fedha na mabunda yao. Siku ile shilingi moja yetu ilikuwa sawa na takriban 19 za Tanzania, lakini bei ya pale mpakani ina tabia ya kupungua kadiri mkoba wako unavyoonekana mzito. Nilibadilisha nauli na ya kula tu. Kando yangu mama mmoja wa Lunga Lunga alikuwa akivusha vikapu vya bidhaa kwa utaratibu uliorahisishwa, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000. Karatasi ya asili ya bidhaa ya ukurasa mmoja, saini, muhuri, amepita. Niliiangalia ile karatasi yake kwa makini. Jumuiya yetu ya Afrika Mashariki imefaulu kumrahisishia mchuuzi bidhaa yake, na hilo ni jambo kubwa. Mama yangu aliteseka sana kabla halijakuwepo. Nikajiuliza ni lini mchuuzi mwenyewe na pesa yake watapata karatasi ya namna ile.

Tanga nilifikia Ngamiani, kwa binamu ya marehemu baba, kwenye moja ya zile barabara zao zinazoitwa kwa namba. Watu husema Tanga waja leo waondoka leo. Mwenye shughuli ya benki haondoki leo. Nilipomweleza bibi mwenye nyumba nilichojia, alinitengea chumba kabisa, akasema, "Mwanangu, benki haina haraka. Kula kwanza." Nikala mbaazi za nazi na chapati, na ndipo tukazungumza.

Benki ya kwanza niliichagua kwa sababu jina lake liko Mombasa pia, na nina akaunti kwao huko. Wengi wetu tunadhani jina likiwa moja benki ni moja. Sivyo ilivyo. KCB imo Tanzania tangu 1997, Equity tangu 2012, na nyingine pia zimo, lakini kila moja upande wa pili ni kampuni tofauti, yenye leseni yake kutoka Benki Kuu ya nchi ile, vitabu vyake na wakaguzi wake. Kijana wa dawati alipoandika namba yangu ya Mombasa kwenye kompyuta yake hakuona kitu. Kwake mimi nilikuwa mtu aliyeingia kutoka barabarani.

Aliuliza kwa adabu: "Mama, una kibali cha ukaazi?"

"Sina. Siishi hapa. Ninaishi Mombasa."

"Kibali cha kazi?"

"Sifanyi kazi hapa. Nanunua machungwa."

"Una namba ya NIDA?"

Namba ya NIDA ni ya kitambulisho cha taifa cha Tanzania, na wageni wanaopewa ni wale walio wakaazi. Nikamjibu sina. Akageuza skrini yake kidogo ili nione. Fomu ile ilikuwa na sehemu tatu za utambulisho, na hakuna hata moja iliyonihusu. Hakuwa na ubaya wowote. Alikwenda kwa mkubwa wake, akarudi, akasema tawi lao halifungui akaunti kwa asiye mkazi. Nikashukuru, nikatoka.

Nilikaa kwenye kivuli karibu na sokoni, na nasema wazi kwamba moyo uliniuma. Sisi watu wa Pwani ya Kenya tumezoea kuulizwa karatasi. Vijana wetu wengi wamesimamishwa mbele ya kamati kuulizwa babu yao alizaliwa wapi kabla hawajapewa kitambulisho cha nchi yao wenyewe. Kwa hiyo fomu isiyo na nafasi yako si jambo geni kwangu. Kilichoniuma ni kwamba pale niliposimama sikuwa naomba mkopo wala msaada. Nilikuja na pesa zangu, ninataka kuziweka kwao ili niwalipe watu wao.

Benki ya pili ilikuwa na afisa wa makamo, mwanamke mwenye miwani, ambaye kabla ya kuuliza lolote aliniambia nikae. Alizipitia karatasi zangu moja moja, akinyoosha pembe zilizokunjika. Kisha akanieleza jambo ambalo yule kijana hakulieleza. Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa kinachopambana na utakasishaji wa fedha, Oktoba 2022, na ikaondolewa Juni 2025. Kenya iliingizwa Februari 2024 na ilikuwa bado imo. "Kwa hiyo sisi tumetoka juzi tu," akasema, "na hatutaki kurudi. Mteja anayetoka nchi iliyo kwenye orodha lazima tumchunguze zaidi. Si wewe, dada yangu. Ni utaratibu."

Maneno yale yalinituliza kuliko kitabu chote cha kanuni. Kumbe maswali yana sababu, na sababu yenyewe inaweza kuelezwa kwa dakika tatu. Nimewahi kufikiri kwamba benki zinamdharau mchuuzi. Zipo zinazofanya hivyo. Lakini pia kuna watu ndani yake ambao wanabeba mzigo wa kanuni zilizoandikwa kwa ajili ya vigogo wa mamilioni, na wanalazimika kuzipitisha kanuni hizo hizo juu ya muuza machungwa.

Akaniandikia anachohitaji kwenye karatasi: namba ya mlipakodi, yaani TIN, kutoka TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, barua ya serikali ya mtaa kutoka mahali nilipofikia, uthibitisho wa makazi yangu Mombasa, ambao bili ya stima ingetosha, ile taarifa ya akaunti, picha mbili, na maelezo ya maandishi kuhusu pesa zinatoka wapi na zinakwenda kwa nani, yakiambatana na makubaliano na muuzaji wangu. Ingekuwa akaunti ya asiye mkazi, ya shilingi za Tanzania. Pesa zote zitakazoingia zije kwa njia ya benki kutoka akaunti yangu ya Mombasa; nisije na noti kwenye mkoba. Hilo la mwisho nililipenda. Mama yangu aliporwa njiani akiwa na leso yake, na hakuwahi kusafiri tena kwa amani.

Barua ya mtaa ndiyo iliyonipeleka mahali ambapo sitapasahau. Kwanza lazima uanze kwa mjumbe, yule balozi wa nyumba kumi, ambaye kwa mtaa ule alikuwa bibi mzee anayeuza kaimati barazani kwake. Mwenyeji wangu alinisindikiza. Bibi aliniuliza jina la baba, la babu, na nimefikia kwa nani, ingawa huyo niliyefikia kwake alikuwa amesimama pale pale. Aliporidhika, akaandika mistari miwili kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, akatia saini kwa mkono uliotulia kabisa.

Ofisi ya mtendaji wa mtaa ilikuwa chumba kimoja chenye benchi, picha ya rais ukutani na meza yenye daftari kubwa la wageni. Mtendaji alikuwa bwana mwembamba, mpole, mwenye kalamu mbili mfukoni. Nilimpa karatasi ya bibi na kumweleza haja yangu. Mwenyeji wangu, kwa kunipenda, akasema, "Mwandikie tu kwamba anakaa kwangu, yaishe."

Mtendaji akaweka kalamu chini. "Mama, siwezi kuandika kwamba anaishi hapa, kwa sababu haishi hapa. Benki wakija kuuliza nitasema nini? Lakini naweza kuandika ninachokijua."

Akaandika, na kila sentensi alinisomea kabla ya kuendelea. Kwamba mimi ni raia wa Kenya, mkaazi wa Mombasa, mwenye pasipoti namba fulani. Kwamba nimefikia kwa fulani, mkaazi wa mtaa huu, anayenijua kama jamaa yake. Kwamba familia hizi zinajuana kwa miaka mingi na wakaazi wanathibitisha hilo. Kwamba barua hii hainifanyi mkaazi. Sentensi hiyo ya nne aliisisitiza kwa kupiga mstari chini yake. Halafu akachukua muhuri, akaupuliza, akaukandamiza kwenye wino wa bluu mara mbili, akaujaribu kwenye kipande cha gazeti, ndipo akaugonga kwenye barua juu ya saini yake.

Nimepewa barua nyingi katika maisha yangu ya biashara. Ile ndiyo iliyoandikwa kwa uaminifu kuliko zote, na ndiyo iliyonifungulia mlango, kama nilivyokuja kujua baadaye. Ingekuwa ya uongo, ingegongana na bili yangu ya stima ya Mombasa kwenye faili moja, na shughuli yote ingekufia hapo.

TRA nilipata foleni fupi. TIN haitozwi pesa, na mtu anayekuambia atakusaidia kuipata kwa malipo nje ya geti ni wa kuepukwa. Walichukua pasipoti, wakaniuliza shughuli yangu, kisha wakaniambia niweke vidole kwenye kifaa. Kifaa kikakataa. Nikaweka tena, kikakataa. Binti wa dawati akanishika mkono, akaviangalia vidole vyangu karibu na dirisha. Ngozi ya vidole vya anayeshika machungwa tangu utotoni hulainika na kumenyeka, maji ya ganda yanaila. Mistari ya kidole gumba changu cha kulia imefutika karibu yote. "Mama yangu pia ni hivi hivi," akasema, "yeye ni wa mkonge." Akatoa mafuta kwenye mkoba wake mwenyewe, akanipaka, akanifuta kwa kitambaa, akanikandamizia kidole kimoja kimoja yeye mwenyewe mpaka mashine ikakubali vyote. Tanga ni mji wa mkonge, na mikono ya namna ile anaijua nyumbani kwao.

Faili langu la benki likapelekwa Dar es Salaam, makao makuu, kwa watu wanaopitia maombi ya wageni. Afisa wa miwani aliniambia nisubiri simu, na kwa hilo nililazimika kuwa na laini ya Tanzania, iliyosajiliwa kwa pasipoti na alama za vidole vile vile vilivyochoka. Nikatumia muda ule kwenda Muheza.

Sikwenda shambani. Nilikutana na shangazi kwenye uwanja anakokusanyia mzigo, ndani ya uzio wake, leseni yake imetundikwa ukutani. Wahesabuji walikuwa wamechuchumaa pande mbili za rundo, wakirusha machungwa kwa mikono miwili, matatu huku, matatu huku, wakihesabu kwa sauti ya wimbo usiokatika, na mmoja akiweka kijiti kila mia inapotimia. Nimeiona kazi ile tangu nina miaka saba na bado siwezi kuondoa macho. Shangazi aliniambia agizo limemletea wateja wengi kuliko anavyoweza kuwahudumia, kwa sababu Wakenya wote waliokuwa wakizunguka mashambani sasa lazima waje kwa watu kama yeye. Hakulifurahia kama nilivyodhani. "Wakulima wanalia," alisema. "Zamani mnunuzi wa Mombasa na wa Nairobi walishindana mtini, bei inapanda. Sasa mkulima anatusubiri sisi wachache." Jambo hilo sikulisikia likisemwa popote kwenye redio, na ningependa wanaotunga maagizo wakae saa moja kwenye uwanja ule.

Tuliandika makubaliano yetu pale pale, karatasi mbili, yeye yake na mimi yangu. Nitalipa kutoka akaunti yangu kwenda yake, mzigo ukishahesabiwa na kupakiwa, kabla lori halijatoka uzioni. Ndiyo karatasi ya mwisho iliyokuwa imebaki kwenye orodha ya benki, nayo ikalifuata faili Dar es Salaam.

Jioni moja Ngamiani, barazani, mzee wa jirani aliyewahi kufanya kazi relini alisikia habari ya akaunti yangu akaguna. Alikumbuka shilingi ya Afrika Mashariki, yenye simba mbele ya milima upande mmoja, na senti zenye tundu katikati zilizopitishwa uzi. Ukitoka Tanga kwenda Mombasa ulilipa mhogo kwa pesa ile ile. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki ilianzishwa mwaka 1919 na ikafikia mwisho wake 1966, kila nchi ilipounda benki kuu yake na shilingi yake. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ikavunjika na mpaka ukafungwa hadi 1983; mama yake mzee alizikwa Vanga bila yeye kuwepo, kwa sababu hiyo. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, akimenya chungwa.

Viongozi wetu walitia saini itifaki ya umoja wa fedha mwaka 2013, mjini Kampala, sarafu moja ikitarajiwa 2024. Lengo hilo limesogezwa hadi 2031. Mimi siungojei mwaka 2031. Ninachokitaka ni kidogo zaidi, na kinawezekana leo: benki ya nchi moja ya Jumuiya ikubali utambulisho na taarifa ya benki ya nchi nyingine bila mtu kuanza upya kama aliyezaliwa jana. Benki yangu ya Mombasa inanijua kuliko ninavyojijua. Ina vidole vyangu, kodi yangu, kila senti iliyoingia na kutoka. Ujuzi huo ungeweza kuvuka Horohoro kwa ujumbe mmoja. Badala yake ulivuka mkononi mwangu, kwenye bahasha ya plastiki, na nusu yake ilikubaliwa kwa sababu mtendaji mmoja wa mtaa hakutaka kudanganya.

Simu ilikuja asubuhi. Nilikwenda, nikatia saini kwenye kadi ya sampuli, nikapewa namba ya akaunti na maelezo ya makato ya mwezi. Afisa wa miwani alinikumbusha mambo ya kuzingatia: nikibadilisha pasipoti nilete mpya, kila mwaka watanitaka taarifa upya, na akaunti isiyotumika kwa muda mrefu husinzia na kuiamsha ni kazi. Pia nijue kwamba pesa ikilala kwenye shilingi za Tanzania inabeba hatari ya kiwango cha kubadilishia. Hilo nililijua. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, na kufikia mwisho wa Machi ikawa karibu 130. Aliyekuwa na pesa upande usiofaa wakati ule alipoteza faida ya msimu mzima bila kuinua kidole. Kwa hiyo akaunti yangu ya Tanga si ghala. Pesa inaingia mzigo ukikaribia, inatoka mzigo ukipakiwa.

Kutuma pesa ya kwanza kutoka Mombasa nako kulikuwa na somo lake. Kuna mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki unaounganisha benki kuu zetu, umekuwepo kwa zaidi ya miaka kumi, na unapitisha shilingi kwenda shilingi bila kupita kwenye dola. Karani wa benki yangu alikuwa hajawahi kuutumia. Alitaka kunipitisha kwenye dola, ambako ningekatwa mara mbili. Nilisimama pale kaunta nikamwomba, kwa upole lakini bila kuondoka, apige simu makao makuu Nairobi awaulize. Akapiga. Upo, wakamwambia, na fomu yake ikapatikana. Nilipomaliza aliniambia kwamba tangu ameajiriwa hakuna mteja aliyewahi kumwuliza habari ya mfumo ule.

Sasa wanawake wenzangu wa Kongowea wananifuata kuuliza. Nawaambia waanze na taarifa ya akaunti yenye muhuri kila ukurasa, kwa sababu hiyo huchukua muda Mombasa na haipatikani ukiwa Tanga. Wasimlipe mtu kwa ajili ya TIN. Wasiruhusu mwenyeji awaandikishe kama wakaazi, hata kwa mapenzi. Waseme ukweli mpakani. Na waulize mapema, kwa simu, kama tawi linafungua akaunti ya asiye mkazi, kwa maana si kila tawi linafungua.

Mmoja wao, anayeuza machungwa meza ya tatu kutoka kwangu, hana pasipoti. Miaka yote amevuka kwa hati ya muda inayotolewa pale Lunga Lunga, na kwa kumwona mjomba wake Duga ilimtosha. Kwa benki haitoshi. Afisa wa miwani aliniambia hivyo nilipompigia kumwulizia. Tumekwisha kujaza fomu yake ya maombi mtandaoni, na wiki ijayo ninamsindikiza ofisi ya Uhamiaji akapigwe picha na kutoa vidole. Vyake vimechakaa kuliko vyangu, na nimemwambia abebe mafuta.